Kolekole Aliyevuka Ua

Jumamosi asubuhi Bi Esha alimpasua kolekole kupitia mgongoni, si tumboni, kwa sababu samaki wa kuchoma mzima akipasuliwa tumboni hujikunja motoni na nyama ikakauka kabla ya kuiva. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nyuma ya nyumba yake pale Kivinje, kanga kaifunga kifuani, kisu mkononi. Alimtoa matumbo akawatupia paka, akamwosha kwa maji ya chumvi, akamchanja pande zote mbili, akamkamulia ndimu. Halafu akachukua kitunguu saumu, tangawizi na pilipili alivyovitwanga baada ya sala ya alfajiri, akavishindilia kwenye kila mkato kwa kidole. Kolekole alikuwa mkubwa, lakini ukubwa wa kueleweka. Alienea kwenye sinia la pilau. Mkia tu ndio uliochungulia nje.

Samaki huyo aliletwa na mdogo wake, Yassini, anayevua kwa mshipi na asiyependa kurudi nyumbani kwa dada yake mikono mitupu. Safari hii dada mwenyewe ndiye aliyemwagiza, maana alikuwa na mgeni. Monika, Mama Xaveri, alikuwa ameshuka kutoka Rondo, kule milimani, na kiroba cha mihogo, akateremka basi Nangurukuru, akapanda bajaji hadi mlangoni kwa Esha akiwa amekumbatia kiroba chake kama mtoto mchanga.

Walijuana hospitalini Lindi, mwaka ambao Esha alimuuguza mama yake na Monika akamuuguza mumewe, vitanda vikiwa jirani. Mume wa Monika alipona. Mama yake Esha hakupona, na siku ya kusafirisha maiti Monika ndiye aliyemfunga Esha kibwebwe, akamwekea mihogo ya kuchemsha kwenye mkoba na kumwambia ale hata kama hataki. Tangu hapo Esha alishapanda Rondo mara kadhaa akachinjiwa majogoo, na kila alipoaga alitoa ahadi ileile: siku ukishuka pwani nitakuchomea samaki mzima, umwone kichwa mpaka mkia.

"Sasa huyu utamgeuzaje?" Monika aliuliza, akimtazama kolekole kwenye sinia. Kwao samaki hufika kakauka, kakatwakatwa, na kichwa kimeishia njiani.

"Hageuzwi ovyo. Anaanza ngozi chini, nyama juu. Akishika rangi tunamgeuza watu wawili, mara moja tu. Ukimgeuzageuza anavunjika."

Hapa inafaa kueleza habari za ua. Uwanja wa Bi Esha ulipakana na wa Bwana Abdulrazak, mfanyabiashara wa ufuta na korosho, na katikati yao palikuwa na ua wa minyaa. Enzi za mama yake Esha, ua huo ulikuwa mbali, ng'ambo ya mdimu na ng'ambo ya jiko la nje, ambalo mama alilijenga kwa mafiga ya mawe ya pwani. Mama alipozikwa, ua ulianza kutembea. Ulitembea kila masika, ardhi ikiwa laini. Kwanza ulipita mdimu. Masika yaliyofuata ulipita jiko, na juu ya mafiga Bwana Abdulrazak akajenga banda la pikipiki. Mwaka huu ulikuwa umefika karibu na kamba ya kuanikia nguo, kiasi kwamba shuka za Bi Esha zikipeperushwa na upepo zinarudi na utomvu.

Bwana Abdulrazak hakuwahi kuficha jambo hilo. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kuombea dua. Alisema mnyaa ni mti hai, na kitu hai huwezi kukizuia kwenda kinakotaka. Kwamba watu waliwahi kumwona yeye mwenyewe na panga na vipande vya minyaa, magoti yamejaa udongo, hilo nalo hakulikataa. Alisema alikuwa anausaidia ua kutembea, kwa kuwa aliuona umechoka.

Bi Esha alilalamika kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mudathiri. Mwenyekiti alichelewa sana kuja. Alipokuja alitembea kandokando ya ua, akaupima kwa hatua zake, akaingia kwa Bwana Abdulrazak kunywa kahawa, na alipotoka akatangaza kwamba ameridhika pasi na shaka kuwa ua uko pale ulipo.

Basi moto. Bi Esha aliuwasha kwa vifuu vya nazi, ambavyo havina moshi mwingi na joto lake linatulia. Makaa yalipokuwa mekundu chini na majivu juu, aliweka wavu wa chuma juu ya matofali, na yeye na Yassini wakamlaza kolekole, kichwa kikielekea mlango wa jikoni, mkia ukielekea ua. Monika alipewa kazi ya kupaka tui. Alichovya kitita cha mchaichai kwenye bakuli na kumpaka samaki polepole, kama mtu anayepaka rangi dirisha la nyumba ya watu.

Ngozi ilipoanza kulia motoni, kolekole akaanza kurefuka.

Hakurefuka kwa fujo. Mkia ulisogea kuelekea kwenye ua kwa mwendo wa kivuli cha mchana, na kiwiliwili kikaufuata. Bi Esha alidhani wavu umeteleza, akausukuma. Kisha akaona kwamba wavu umekwisha na samaki hajaisha.

"Yassini, ongeza wavu," alisema.

Yassini alileta ule wa banda la kuku. Samaki alipouvuka, Yassini akang'oa nondo za dirisha la stoo, ambazo hata hivyo zilikuwa zimelegea. Bi Esha alikuwa akikimbia mbele na koleo, akihamisha makaa, kwa sababu nyama mpya ilikuwa inatoka mbichi kabisa, tena bila chumvi wala mikato, na hilo ndilo lililomkera.

"Chumvi!" alimwita Monika. "Mama Xaveri, chumvi na ndimu, ataiva baridi huyu!"

"Huwa wanafanya hivi?" Monika aliuliza, akikamua ndimu huku anatembea.

"Wengine," alijibu Yassini, ambaye hakupenda ionekane kwamba kuna tabia ya samaki asiyoijua.

Mkia ulifika kwenye ua. Minyaa ilijitenga kidogo, utomvu ukadondoka na kuchemka juu ya magamba, na kolekole akapita. Vifuu vilikuwa vimekwisha. Kwa hiyo Bi Esha alisimama upande wake na koleo tupu mkononi, akausikia mkia ukiburuzika ng'ambo ya pili, taratibu, ukiupita mdimu, mpaka pakasikika kishindo cha bati.

"Jirani!" ilikuwa sauti ya Samia, mke wa Bwana Abdulrazak. "Jirani, mna samaki?"

"Tunaye."

"Kafika huku."

"Kafika wapi?"

Samia alikwenda kutazama, akarudi karibu na ua. Alikuwa mwanamke mkweli, jambo lililomletea taabu nyingi katika ndoa yake. "Kaingia banda la pikipiki. Kasimamisha mkia pale kwenye mafiga ya marehemu mama yako."

Bi Esha alikaa chini. Si kwa mshangao, kwani alikuwa ameshaona samaki anaelekea wapi tangu aliponyooka vile. Alikaa kwa sababu mtu wa upande ule alikuwa amelitaja jiko kwa jina la mwenyewe. Monika alikuja akakaa pembeni yake, bakuli la tui mapajani.

Bwana Abdulrazak alitokea kwenye uwazi wa ua amevaa msuli na fulana nyeupe.

"Salaam aleikum, Bi Esha."

"Waaleikum salaam. Shikamoo."

"Marahaba. Mkia wako uko kwangu."

"Nimesikia."

"Umesimama pale pale palipokuwa mwisho wa uwanja wenu. Nimepatazama mwenyewe. Hata marehemu mama angefufuka asingepaonyesha vizuri zaidi." Alitikisa kichwa kwa heshima. "Samaki hasemi uongo."

Bi Esha aliweka koleo chini. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumwite mwenyekiti," alisema Bwana Abdulrazak, "atuamulie nusu yangu inaanzia wapi."

Mwenyekiti Mudathiri alifika upesi kuliko siku zote, na alikuja na kisu chake. Majirani nao walifika, kwa kuwa harufu ilikuwa imetembea mtaa mzima na watu waliokuwa wanakwenda sokoni walikuwa wamegeuka njiani. Mwenyekiti alimkagua samaki upande wa Bi Esha, akazunguka barabarani, akamkagua upande wa Bwana Abdulrazak, akarudi. Alisema ameuona mkia, ameyaona mafiga, na kwamba mambo hayo mawili yanaafikiana vizuri sana.

"Basi mpaka uko kwenye mafiga," alisema Bi Esha.

"Hilo kila mtu analijua," alisema mwenyekiti. Watu wakaitikia kwamba ndiyo, wanalijua. Mzee mmoja akaongeza kwamba yeye alikunywa uji pale jikoni enzi hizo. "Lakini sikuitwa kwa ajili ya mpaka. Nimeitwa kwa ajili ya samaki. Kilichoko upande wa Bi Esha wa ua ni cha Bi Esha. Kilichoko upande wa Bwana Abdulrazak ni cha Bwana Abdulrazak. Hiyo ndiyo kanuni ya maembe, ndiyo kanuni ya kuku anayetaga kwa watu, na leo ndiyo kanuni ya samaki."

"Samaki nimemvua mimi!" alisema Yassini.

"Ulimvua mfupi. Huo urefu hukuuvua wewe."

Monika ndiye aliyeuliza, kwa ile lafudhi yake ya mlimani iliyofanya kila swali lionekane halina ubaya. "Na kama samaki kauonyesha mpaka, mwenyekiti, na nyote mmeuona, kwa nini usiwe pale alipouonyesha?"

Mwenyekiti alimtazama kwa upole unaostahili mgeni. "Mama, samaki anaujua mpaka, sikatai. Lakini si mkazi wa mtaa huu."

Hapo shauri lingekwisha, ila palikuwa na tatizo. Nusu ya Bwana Abdulrazak ilikuwa mbichi. Ilikuwa imelala kwenye mchanga wake, nyeupe, ikitiririsha maji, na nzi wameshaanza kuulizana. Samia alikuwa na jiko la gesi la mezani ambalo lingeweza kubandikwa labda pezi. Bwana Abdulrazak aliwasha makaa yake mwenyewe kwa mafuta ya taa, na samaki, ambaye mpaka hapo alikuwa amevumilia mengi, alianza kunuka mafuta ya taa toka kichwani mpaka mkiani, pamoja na ile nusu iliyokwisha kuiva.

Kichwa cha samaki alichoahidiwa mgeni kikaharibika harufu. Hilo Bi Esha hakuweza kulivumilia. Aliinuka, akajikung'uta mchanga.

"Zima huo moto," alisema kupitia ua. "Nakuja kukuchomea. Lakini sichomi juu ya mchanga. Toa pikipiki yako, toa magunia, nibandike kwenye mafiga."

Bwana Abdulrazak alifikiri. Harufu ya mafuta ya taa ilizidi. Akatoa pikipiki.

Njia ya kwenda kwa Bwana Abdulrazak ilikuwa kwa kuzunguka barabarani, maana uwazi wa ua ulijaa samaki. Bi Esha alizunguka na koleo lake, chumvi yake na ndimu zake, Monika nyuma akibeba tui. Ndani ya banda, magunia ya ufuta yalipohamishwa, mafiga yalionekana yamezama hadi shingoni. Esha alipiga magoti akafukua kwa mikono. Chini ya mchanga palikuwa na majivu bado, laini, ya rangi ya njiwa. Mkia wa kolekole ulikuwa umesimama wima katikati ya mawe, ukingoja.

Nyuma ya mafiga ardhi ilikuwa na kishimo kidogo, pale mama yake alipokuwa anaweka kigoda miaka nenda miaka rudi. Bwana Abdulrazak alikuwa amemimina mchanga pale, kwa sababu matairi yalikuwa yanakwama. Esha alikaa, na mchanga ukampisha. Kishimo kilimtosha. Alikuwa hajui kwamba amenenepa kufikia kiasi cha mama yake.

Kutokea pale, kupitia bati alilolitoboa samaki na uwazi wa ua, aliona alichokuwa akikiona mama yake kila siku: ukuta wa nyuma wa nyumba yao, dirisha lenye bawaba moja, na mlango ambao mtoto yeyote anayetoka na kisosi mkononi lazima aonekane. Alipokuwa mdogo alikuwa anashangaa mama anajuaje kila kitu. Sasa aliona kwamba ilikuwa ni mahali tu alipokaa.

"Umepata moshi machoni," alisema Monika.

"Vifuu vya Samia vibichi."

"Ndiyo," alisema Monika, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Bi Esha alichoma mpaka adhuhuri ikapita. Alimchanja samaki, akamtia chumvi, akasogeza makaa toka kwenye mafiga hadi kwenye ua, na Samia alimletea viungo bila kuambiwa na kumwita bibi wa jiko. Ilipofika wakati wa kumgeuza, watu walijipanga uwanja hadi uwanja, Yassini kichwani, Bi Esha mkiani, wengine katikati huku na huku ya ua, na mwenyekiti akahesabu kwa sauti. Walimgeuza mara moja tu. Hakuvunjika.

Na ndipo ukafanyika ujanja mmoja mdogo ambao Bi Esha hakumweleza mtu isipokuwa Monika. Samaki alikuwa na pilipili ya kawaida urefu wote. Lakini lile pande la nyama ya mkiani lililokuwa linaangaliana na sahani za Bwana Abdulrazak na mwenyekiti, Esha alilichanja kwa kina na kulijaza pilipili mbuzi nzima nzima, pamoja na mbegu zake, halafu akalifunika kwa tui zito. Wanaume hao wawili walikula kwa adabu, jasho likawatiririka, machozi yakawatoka, na kila mmoja akamsifu mpishi, kwa kuwa hakuna aliyetaka mwenzake amwone ameshindwa. Bwana Abdulrazak alikunywa maji ya mtungi mzima akisema ni kwa ajili ya joto.

Watu wote walishiba. Waliokuja na masahani waliondoka nayo yamejaa. Monika alikula kichwa chote peke yake, akala na macho, akanyonya mashavu, akapanga mifupa pembeni ya sinia na kusema kwamba sasa ahadi imetimia na hana deni analomdai mtu yeyote wa pwani. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imetoka.

Alasiri ilipoadhiniwa, Bi Esha aliosha koleo. Alibaki amekaa kwenye kile kishimo muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Bwana Abdulrazak alisimama mlangoni mwa banda, ameshika pikipiki yake kwa usukani, akingoja kwa subira, bila kumharakisha. Alipoona hainuki, alikohoa.

Bi Esha aliinuka.

"Ahsante sana jirani," alisema Samia, akamsindikiza mpaka barabarani. Alimshika mkono, akataka kusema kitu kingine, akamtazama mumewe, akasema kile ambacho mtu humwambia mgeni. "Karibu tena. Usitutupe."

"Nimeshakaribia," alisema Bi Esha, na akazunguka barabarani kurudi nyumbani.

Kesho yake Monika aliondoka na nazi kwenye kiroba kilekile. Mifupa ya kolekole haikuondoka. Yassini na wenzake waliivuta, wakaifunga kamba, wakaipigia harambee, lakini uti wa mgongo ulikuwa umeshika ardhi kama msingi wa nyumba. Upande wa Bi Esha kuku hulala kwenye mbavu. Upande wa pili mkia umesimama mpaka leo ndani ya banda, mweupe, na Bwana Abdulrazak ameukatia tundu kwenye bati ili upate hewa.

Wageni wanapomtembelea, kutoka Lindi au kwingineko, hupenda kuwapeleka kuuona. Huwaeleza yote bila kuficha, kwa ile sauti yake ya dua, wakati Bi Esha anachambua mchicha upande wa pili na kulisikia kila neno.

"Hapa," husema, akiugusa mkia kwa kiganja, "ndipo ulipo mpaka halisi wa uwanja wa Bi Esha. Samaki mwenyewe aliuonyesha, na mwenyekiti alikuwepo."

"Na ule ua kule?" mgeni huuliza.

"Ule ni ua tu."

Wageni hutikisa vichwa kwa kuridhika, hupiga picha kwa simu, kisha Bwana Abdulrazak huwapangia viti pale pale kivulini, na Samia huleta kahawa.